Bega la Shobali

Zama zile Yerusalemu ilipokuwa bado inanuka chokaa mbichi ya kuta mpya, na mfalme wa Israeli akiwa amekwisha kuwapiga Wafilisti na Wamoabu na sasa anatazama kusini, aliishi katika nyika ya Negebu mtu mmoja jina lake Ahiramu, wa kabila la Simeoni. Alikuwa mkuu wa nyumba ndogo ya wachungaji: mahema meusi ya singa za mbuzi, kondoo, punda, na ngamia wachache wenye hasira. Hakuwa shujaa. Nasema mapema, maana wapo wasimuliao habari za vita kana kwamba kila aliyekuwapo alikuwa simba. Huyu alikuwa mtu mwema tu, mwenye haya nyingi, na haya yake iliua watu.

Lakini hadithi haianzii kwake. Inaanzia kwa babu yao Ibrahimu, aliyetoka Uru akakaa Harani, kisha akang'oa mahema katika umri ambao wenziwe walikuwa wakiota jua na kunywa uji, akaja Kanaani. Tangu hapo kizazi chake hakikujua kutulia. Njaa ikija, wanateremka Misri. Malisho yakikauka, wanapanda milimani. Mwanawe Isaka ndiye aliyependa kutulia, naye akaona njia ya kutulia ni kuchimba visima. Alichimba, wenyeji wakavifukia. Akachimba vingine, wakavigombania. Akahama, akachimba tena. Mtu wa subira kama yule hazaliwi kila siku.

Isaka akapata mapacha, Esau na Yakobo, na yaliyowapata hao kila mtu anayajua: bakuli la dengu, urithi uliouzwa kwa njaa ya jioni moja, baraka iliyoibwa kwa ngozi ya mwana-mbuzi, miaka ya kukimbiana, na siku ile walipokutana wakakumbatiana wakalia. Baba yao alipokufa walimzika pamoja. Kisha Esau akaenda zake milima ya Seiri, kizazi chake kikaitwa Edomu, na Yakobo akabaki magharibi, kizazi chake kikaitwa Israeli.

Sasa, katikati ya Negebu na miguu ya Seiri kulikuwa na kisima kimoja cha Isaka. Wazee wa pande zote mbili walisimulia kwamba baada ya matanga ya baba yao, mapacha walifika hapo, wakatazamana, na kila mmoja akajua mwenziwe anawaza nini: yupi atakichukua? Wakakaa kitako wakafikiri. Mwisho wakachonga jiwe la mviringo, nene, mfano wa jiwe la kinu cha punda, wakaliegemeza katika mfereji wa mwamba uliopanda kutoka kinywani mwa kisima. Na walilifanya zito makusudi, nyumba moja isiweze kulifungua peke yake.

Kazi ilikuwa hivi. Watu wa nyumba ya Yakobo walisimama kaskazini na magogo ya mgunga, wakalinyanyua jiwe. Watu wa nyumba ya Esau walisimama kusini, wakalipokea kwa mabega na kulipandisha mfereji. Likifika juu, wao hao waliushikilia uzito wote, na mkuu wa nyumba ya Yakobo akaingiza mkono wake chini ya jiwe kupachika kabari. Wenye mabega wakilegea, jiwe linarudi, na aliye chini yake haulizwi tena habari. Kwa hiyo kabla ya kuingiza mkono alipaza sauti: "Isaka ana wangapi?" Nao wa kusini, wakiwa wamekwisha kulikaza, wakaitika kwa kishindo: "Wawili!" Asipoitikiwa, hakuingiza mkono. Kulifunga kulikuwa vilevile, ila kabari ilitolewa badala ya kupachikwa.

Vizazi kwa vizazi, mvua zikikatika, nyumba hizo mbili zilikutana hapo. Huko juu wafalme waligombana, huku chini watu walinyweshana mifugo na kutaniana. Utani wao haukuwa na huruma.

"Mwizi wa baraka, umeamkaje?" ndiyo ilikuwa salamu ya Shobali, mkuu wa nyumba ya Edomu, mtu mwekundu wa ndevu, mpana wa kifua, mwenye joho la rangi ya makomamanga alilolipata kwa wafanyabiashara wa manemane.

"Salama, mlafi wa dengu," Ahiramu alijibu. "Nimekuletea bakuli. Leo unauza nini?"

Wakacheka hata ngamia wakageuka kuwatazama. Walikuwa wakifanya kazi ile pamoja tangu ndevu zilipowaota, mmoja mkono chini ya jiwe, mwenziwe bega juu yake. Bega la kulia la Shobali lilikuwa limeota sugu ngumu kama goti la ngamia, na Ahiramu alizoea kusema kwamba uhai wake umeandikwa pale. Hakuwa akitania alipolisema hilo.

Mwaka ule wa vita mvua ziliwahi kukatika. Habari zikaja kwa wachuuzi wa shaba: jeshi la mfalme linashuka kusini, linataka migodi ya Edomu na njia yake ya biashara. Shobali akateremka peke yake kutoka Seiri, bila upinde wala upanga, akamkuta Ahiramu akikata manyoya ya kondoo mbele ya hema.

"Leo sikuja kutania," akasema. "Nimekuja kukuaga. Tunahamia bonde la Araba, tukavuke hadi kwa Wamidiani. Watoto wamekwisha kupakiwa juu ya punda."

Ahiramu akaiweka mikasi chini. "Kule hakuna malisho, ndugu yangu. Utawaua kwa kiu kabla ya vita kukuua."

"Kiu naijua. Mfalme wenu simjui."

"Nipe muda niseme na jemadari. Askari hawa ni watu wetu, Shobali, si Wafilisti. Nitamweleza habari za kisima, atasikia."

Shobali alikuwa mtu wa kuamini polepole, lakini akikuamini amekuamini. "Utanipa habari kwa njia gani?"

"Nitakutumia kokoto."

Nalo neno hilo lilitosha. Desturi yao ilikuwa kwamba nyumba moja ikitaka kufungua kisima, ilipeleka kokoto lililovingirishwa sufi: kokoto maana yake jiwe, na sufi maana yake amani. Mwenye kuitwa kwa kokoto alikuja bila silaha, na haikupata kutokea, tangu Esau na Yakobo, kwamba aliyeitwa hivyo akadhurika hata kwa tusi la kweli.

"Basi nitangoja kokoto lako," Shobali akasema. "Lisipokuja, uniombee mvua." Akapanda mlima.

Jeshi likafika, na vumbi lake likafika kabla yake. Jemadari wake aliitwa Pelethi, kijana wa mjini, deraya ya magamba ya shaba, upanga wa chuma ubavuni, ndevu zimepakwa mafuta mazuri. Alikuja na kiu. Mabirika ya njiani yalikuwa yamekauka, na viriba vya ngozi vya askari vilikuwa vimesinyaa. Askari walipolifikia jiwe, walilivamia kwa nguvu za ujinga, likapanda kidogo likarudi, likamponda mmoja wao vidole. Pelethi akaamuru wachungaji wa jirani waletwe.

Ahiramu alisimama mbele yake na fimbo yake ya kuchungia, akaeleza kila kitu: mapacha, jiwe, magogo, mabega. "Upande wetu tunaweza, bwana wangu. Upande wa pili hatuujui, wala baba zetu hawakuujua. Wanaoujua ni nyumba ya Shobali, na wapo njiani kuhama."

"Waite."

"Nitawaita, ukiniapia kwamba nyumba ile haitaguswa. Ukafanye vita vyako na mfalme wao huko Bozra. Hawa ni wachungaji."

Pelethi akalamba midomo iliyokauka. "Nakuapia."

Hapo ndipo alipokosea, nami kila nikifika hapa natamani nimshike mtu huyu kanzu. Maana Ahiramu alilijua lililopaswa kufanywa. Ibrahimu alipomwapisha mtumishi wake, alimwambia atie mkono chini ya paja lake, mahali wanapotoka watoto, ili mwenye kuvunja kiapo awe amewaapiza watoto wake mwenyewe. Hicho ndicho kilikuwa kiapo cha watu wa mahema. Ahiramu akasema, kwa sauti ndogo, "Bwana wangu, kwetu sisi mtu huapa mkono ukiwa chini ya paja."

Askari wakaangua kicheko. Pelethi naye akacheka. "Mimi? Nitie mkono chini ya paja la mnuka mbuzi, mbele ya jeshi la mfalme? Lo! Mzee, nakuapia kwa uhai wa mfalme mwenyewe, mtiwa mafuta. Wataka kiapo gani kikubwa kuliko hicho?" Akaweka kiganja juu ya mpini wa upanga.

Haya ikamshika Ahiramu. Aliwaona wale vijana wakichekeana, akaona miguu yake yenye vumbi na vazi lake lenye kiraka, akajiona mshamba anayemsumbua mtu mkubwa kwa mambo ya kale. Akainamisha kichwa akasema, "Yatosha, bwana wangu."

Haikutosha. Alipofika hemani, mkewe Naara alikuwa akikanda unga, naye hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Ameapa mkono ukiwa wapi?"

"Juu ya upanga. Kwa uhai wa mfalme."

"Kwa uhai wa mfalme! Na wa kwake ameuficha wapi?" Naara akasimama, unga mikononi. "Baba watoto, mtu akikuwekea rehani ng'ombe wa jirani, utasema amekuwekea nini? Rudi ukamwambie mkono chini ya paja, ama hakuna kokoto."

"Walinicheka, Naara."

"Na wakucheke! Kucheka kunaua?"

Hakurudi. Alijiambia kwamba mfalme ni mtu wa Yuda, mjukuu wa Isaka kama wao, na uhai wake hauwezi kuwa kitu chepesi. Alijiambia pia kwamba akichelewa, Shobali atakuwa amekwisha kushuka Araba na watoto wake, kwenye mchanga usio na tone la maji. Hilo la pili lilikuwa kweli, na ndilo lililomfanya aliamini la kwanza. Akachagua kokoto jeupe, akalivingirisha sufi safi ya kondoo dume, akalipeleka Seiri.

Shobali akaja na watu wake wote wenye mabega, wazee na vijana, wamevaa nguo nyekundu, wametanda chini ya mlima kama ua lililofunguka. Hapana silaha hata kisu cha kuchunia. Nyuma kwa mbali walibaki wanawake na watoto na punda waliopakiwa, wakiongozwa na mkewe Mehetabeli. Askari walikuwa wameketi kandokando, ngao chini, wakiwatazama.

"Mwizi wa baraka!" Shobali akaita kutoka mbali, na sauti yake ilikuwa imejaa faraja. "Kumbe mfalme wenu anasikia!"

"Anasikia, mlafi. Njoo ufanye kazi."

Wakashika kila mtu mahali pake. Magogo yakaingia, jiwe likanyanyuka, mabega yakalipokea, likapanda mfereji likilia juu ya mwamba. Ahiramu akapiga goti na kabari mkononi.

"Isaka ana wangapi?"

"Wawili!"

Akaingiza mkono. Ndipo Pelethi alipoona jiwe limekwisha kupanda na maji yanang'aa chini, akainua kidole, na askari wakasimama nyuma ya watu wa Edomu wakachomoa panga. Kijana yule hakuweza kungoja hata kabari ikae. Shobali aliwaona kwa pembe ya jicho. Watu wake waliwaona pia. Baadhi yao wakaachia jiwe, wakageuka mikono mitupu, wakaanguka mmoja mmoja. Uzito ukawaelemea waliobaki.

Ahiramu, chini ya jiwe, akalihisi likishuka, akainua macho. Uso wa Shobali ulikuwa juu yake, karibu, mishipa imesimama shingoni. Shobali alikuwa ameelewa kila kitu. Ilimtosha tu kulegeza bega. Jiwe lingerudi, kisima kingefungwa, kiu ya jeshi lote ingebaki palepale, na aliyemwita kwa kokoto angepondwa mbele ya macho yake.

Hakulegeza.

"Pachika," akasema, meno yameumana. "Pachika, utoe mkono."

Ahiramu akapachika kabari, akajitoa. Jiwe likatulia. Hapo tu ndipo Shobali aliposimama wima, akajisugua lile bega kama afanyavyo kila siku baada ya kazi, akamtazama mwenziwe.

"Mara hii hukuniachia hata dengu," akasema.

Ahiramu alijirusha mbele yake, mikono imetandazwa, akipiga kelele jina la mfalme, jina la Isaka, kila jina alilolijua. Askari wawili wakamvuta kando kama mtoto aliyeingia uwanjani pa ngoma ya wakubwa. Hakuona pigo lenyewe. Alilisikia.

Baadaye, askari wakinywa na kujaza viriba, alijikokota hadi miguuni pa Pelethi. "Uliniapia! Uliniapia kwa uhai wa mfalme!"

Pelethi hakuwa na hasira. Kiu ilikuwa imemtoka, naye alizungumza kwa upole. "Naam, na mfalme mwenyewe ndiye aliyeamuru asisalie mwanamume katika Edomu. Uhai ni wake na amri ni yake. Nani mwenye kumshitaki?" Akafuta ndevu. "Nyumba yako imeisaidia sana Israeli. Malisho ya watu hawa yatakuwa yenu."

Jeshi likapanda Seiri. Lilishinda, ikiwa mnataka kujua. Bozra ilianguka, shaba ya Edomu ikashuka kwa misafara kwenda Yerusalemu, ngome za mfalme zikawekwa kila mlima, na huko mjini wanawake walitoka na matari wakaimba. Vijana wa nyumba ya Ahiramu waliyachukua malisho, maana kondoo hawajui kukataa majani. Yeye hakukanyaga. Naara hakumkumbusha neno lolote alilosema siku ya kiapo, hata mara moja, na Ahiramu aliomba kimoyomoyo amkumbushe, amtukane, amalize. Mkewe alimpakulia chakula tu.

Kisima kilibaki wazi. Hakukuwa na wa kukifunga. Upepo wa nyikani ukaingiza mchanga, mbuzi akatumbukia akaozea humo, maji yakageuka rangi na kunuka. Isaka aliyechimba kwa subira yote ile, Wafilisti walimfukia visima kwa uadui. Hiki kilifukiwa na wajukuu wake waliotaka kunywa.

Siku moja Mehetabeli akatokea kutoka upande wa Seiri, na nyuma yake wanawake wa Edomu wamevaa magunia. Walikuja mpaka kisimani. Ahiramu alikuwapo. Siku hizo alikuwa hapo mara nyingi, akichota mchanga kwa mikono, kazi isiyo na mwisho. Akasimama, hakujua aweke wapi uso.

"Shemeji," akaanza.

"Usiniite hivyo." Hakupaza sauti. "Mume wangu na wenziwe tumewazika pale juu, wanapakabili hapa. Sitaki walale wakitazama kinywa kilichoachama. Tumekuja kukifunga. Waite wazee wako."

Wazee wakaja, na Naara na wanawake wengine wakaja bila kuitwa. Ahiramu kwa mazoea alikwenda kaskazini, akapiga goti penye kabari. Mehetabeli akatikisa kichwa.

"Hapana. Hapo nitakaa mimi. Wewe nenda kusini."

"Mama, jiwe hili likirudi—"

"Najua likirudi. Nimelitazama tangu nilipoolewa. Nenda kasimame mahali pake. Ulishikilie kama alivyokushikilia."

Akaenda. Kwenye ubavu wa jiwe palikuwa na kibonde, kimelainika kwa mabega ya vizazi, na Ahiramu aliyelala chini ya jiwe lile maisha yake yote hakuwa amekiona, kwa kuwa hakupata kusimama upande ule. Akaweka bega lake. Lilikuwa bega la mzee, halina sugu, na mwamba ukamchuna ngozi papo hapo. Wazee wakasimama pamoja naye, wanawake wakajaza mapengo, wakalisukuma wote hadi uzito ukawakalia. Ahiramu akaelewa, akiwa amechelewa sana, ni kitu gani mtu yule alikuwa akikibeba kila siku huku akicheka.

Mehetabeli akaingiza mkono chini ya jiwe, akaishika kabari. Kisha akaita, kama ilivyo desturi, na sauti yake ikaenda mbali:

"Isaka ana wangapi?"

Wote walikuwa wakimngoja Ahiramu. Damu ilikuwa ikimtiririka kifuani kutoka begani. Mkono wa mwanamke yule ulikuwa chini ya jiwe, naye asingeutoa wala kuivuta kabari mpaka aitikiwe.

"Isaka ana wangapi?" akauliza tena.

"Alikuwa nao wawili," akasema Ahiramu.

Mehetabeli akavuta kabari. Jiwe likashuka taratibu, likakaa juu ya kinywa cha kisima, na wanawake wa Edomu wakageuka wakapanda mlima wao. Halikufunguliwa tena, maana hakukuwa na watu wa kulifungua.